Charles Valentine Riley, Mlinzi wa Michungwa

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Mimi nami nimeongeza yangu: dawa ya mdudu, mara nyingi, ni mdudu mwenzake. Msomaji mpenzi, usinicheke kabla hujanisikiliza. Jambo hili nilijifunza kwa njia ya aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa bwana mmoja aliyefariki mwaka 1895, ambaye maisha yake nimeamua kukusimulia katika kurasa hizi.

Nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, kuna mchungwa alioupanda nyanya yangu. Likizo moja nilirudi nikaukuta umevamiwa. Matawi yalijaa vinundu vyeupe kama pamba, majani yalinata kana kwamba yamemwagiwa maji ya sukari, na juu yake palikuwa na weusi kama masizi. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kama watu wa sokoni. Katikati ya weupe ule niliona pia vidudu vidogo vya mviringo, vyekundu vyenye madoa meusi. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaamua kwamba hao wekundu ndio wazazi wa balaa lote lile. Basi nikaazima pampu kwa jirani, nikachanganya dawa kwa kukisia tu, nikaunyunyizia mti ule mpaka ukachuruzika. Kesho yake vidudu vyekundu vilikuwa vimelala chali chini ya mti, pamoja na nyuki ambao hawakuwa na kosa lolote. Nilitembea kwa maringo siku hiyo! Lakini likizo iliyofuata nilikuta ile pamba imezidi maradufu. Nyanya hakunigombeza. Aliniuliza tu wale wekundu walikwenda wapi, maana yeye alikuwa amezoea kuwaona pale miaka yote.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa Kilimo, alicheka hadi akatoa leso. Kisha akaniambia kwamba nilikuwa nimewaua askari na kuwaacha wezi. Wale weupe huitwa wadudu gamba. Hujifunika kwa nta, na mayai yao hukaa ndani ya kifuko cha nta hiyo hiyo, kwa hiyo dawa nyingi hupita juu juu tu. Wale wekundu, ambao watu wengine huwaita wadudu kibibi, hawana kinga kama hiyo, nao ndio waliokuwa wakiwala wadudu gamba. Mwalimu akanishauri nitafute habari za Charles Valentine Riley. Nilizitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Riley alizaliwa tarehe 18 Septemba 1843 katika mtaa wa Chelsea jijini London. Alipokuwa mvulana alipelekwa kusoma ng'ambo, kwanza mji wa Dieppe huko Ufaransa, kisha Bonn huko Ujerumani. Mambo mawili yalimvutia kuliko vitabu vyote vya darasani: kuchora na kuchunguza wadudu. Angeweza kabisa kuwa mchoraji wa kulipwa. Badala yake, mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 17, alipanda meli akavuka bahari hadi Marekani, akaenda kuishi na kufanya kazi katika shamba moja jimboni Illinois.

Hapo ndipo shule yake ya kweli ilipoanza. Kijana huyu wa mjini alichunga ng'ombe, akalima, akaona kwa macho yake jinsi mdudu mdogo anavyoweza kumnyang'anya mkulima jasho la mwaka mzima. Alianza kuandika barua kwa gazeti la wakulima lililoitwa Prairie Farmer. Baada ya miaka michache aliliacha shamba akaenda Chicago, na kwa muda alifanya kazi ngumu ya kufungasha nyama ya nguruwe kabla ya kupata nafasi katika gazeti hilo hilo. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vimepamba moto huko Marekani, alivaa magwanda ya askari kwa miezi kadhaa, kisha akarudi kwenye kalamu na wadudu wake. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu hata moja. Alichokuwa nacho ni macho makali, mkono mwepisi wa kuchora, na subira.

Mwaka 1868 jimbo la Missouri lilimteua kuwa mtaalamu wake wa wadudu. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu! Hebu fikiri: kijana ambaye pengine angekuwa bado anatafuta kazi kwa miguu, amekabidhiwa wadudu wa jimbo zima. Kwa miaka tisa alitoa ripoti tisa, moja kila mwaka, zenye michoro aliyoichora mwenyewe. Hakuridhika kumchora mdudu aliyekufa na kuchomwa pini. Alimfuga, akamtazama tangu yai hadi utu uzima, akaandika anakula nini, analala wapi, na nani anamla. Tafadhali lishike hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloibeba hadithi hii yote.

Kati ya mwaka 1873 na 1877 nzige wa Milima ya Rocky walishuka mara kwa mara kwenye mashamba ya magharibi mwa Marekani wakala kila kilichokuwa kibichi. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana, maana tuliona wenyewe mwaka 2020 nzige walivyofunika anga katika kaunti nyingi. Riley alizunguka akichunguza mahali walipotaga na njia walizopitia. Watu walipokuwa wakilia njaa, yeye aliwapika nzige, akawala, akawahimiza wengine nao wajaribu. Wapo waliomwona kama amerukwa na akili. Lakini sisi ambao tumekula kumbikumbi tutamcheka kwa lipi?

Wakati huo huo, mizabibu ya Ufaransa ilikuwa ikikauka kwa maelfu. Kidudu kiitwacho filoksera kilikuwa kikifyonza mizizi yake. Riley alisaidia kuthibitisha kwamba kidudu kile kilikuwa kile kile cha Marekani kilichovuka bahari. Kwa kuwa mizabibu ya Marekani ilikuwa imezoeana nacho tangu enzi, yeye na wenzake wa Ufaransa walishikilia kwamba mizabibu ya Kifaransa ipandikizwe juu ya mashina ya Kimarekani. Mpango huo ulifaulu. Serikali ya Ufaransa ilimtunuku nishani ya dhahabu.

Mwaka 1873 alijaribu pia jambo jingine, ambalo halikufaulu. Alipeleka Ufaransa utitiri uliokuwa ukila filoksera kule Marekani, akitumaini kwamba ungefanya kazi ile ile. Utitiri ulifika salama, ukaishi, lakini filoksera haikupungua. Mtu mwingine angekata tamaa. Riley aliweka wazo lile akibani. Mwaka 1883 alilitoa tena, akaleta kutoka Uingereza nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya viwavi wa kabichi. Safari hii wageni walishika makao na kuanza kazi.

Kufikia wakati huo alikuwa mkuu wa wataalamu wa wadudu katika Idara ya Kilimo ya Marekani mjini Washington. Aliingia huko mara ya kwanza mwaka 1878, mwaka ule ule aliomwoa Emilie Conzelman wa St. Louis. Alikosana na mkubwa wake akaondoka mwaka uliofuata, kisha akarudi mwaka 1881. Sitamfanya malaika, ndugu msomaji. Riley alikuwa mtu wa hasira, alipenda sifa, na kuishi naye kazini hakukuwa rahisi. Tena asidhani mtu kwamba aliichukia dawa ya kunyunyizia. La, hasha! Wakulima wa pamba walipokuwa wakisumbuliwa na viwavi, yeye na wasaidizi wake walibuni mdomo wa pampu unaoizungusha dawa na kuitoa kama ukungu, na mdomo huo ukajulikana kwa jina lake. Idara yake iliwafundisha watu kuchanganya mafuta ya taa na sabuni, na hata kutumia sumu zenye aseniki. Kwa hivyo aliyekuja kusema kwamba pampu haitoshi hakuwa mtu asiyeijua pampu. Ndiyo maana ninamwamini.

Sasa tufike kwenye michungwa yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1860, mdudu gamba mweupe aliingia California, inaelekea juu ya miche ya mikakaya iliyotoka Australia. Wataalamu humwita Icerya purchasi. Kule kwao Australia hakuwa tatizo kubwa. Huku ugenini, bila adui wa kumtisha, alizaana ajabu. Kifuko kimoja cha jike hubeba mamia ya mayai. Miaka ilivyosonga alishuka hadi kusini mwa jimbo, penye mashamba ya machungwa na malimau. Ilipofika mwaka 1886, miti ilikuwa myeupe kama iliyonyeshewa theluji. Wakulima waliosha matawi kwa mafuta ya taa na sabuni. Waliifunika miti kwa mahema na kuivukiza kwa gesi yenye sumu kali sana, ambayo ingeweza kumwua mtu. Wengine waling'oa miti waliyoilea tangu ujana wao wakaichoma moto. Thamani ya mashamba ilishuka, na wapo waliojiandaa kuhama.

Riley alijiuliza swali jepesi ambalo wengi hawakujiuliza: kama mdudu huyu ametoka Australia, na kule haimalizi miti, nani anamzuia? Mwezi wa Aprili mwaka 1887 alisimama mbele ya wakulima wa matunda waliokutana Riverside, California, akawaambia kwamba inafaa mtu atumwe Australia kumtafuta adui huyo.

Kumbe njia haikuwa nyeupe. Bunge la Marekani lilikuwa limewakataza watu wa idara yake kusafiri ng'ambo kwa fedha za idara. Riley hakukunja mikono. Mwaka 1888 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Melbourne, na Marekani ilikuwa ikipeleka ujumbe. Basi yakafanywa mapatano kwamba dola 2,000 za fedha za maonyesho zigharimie safari ya mtu mmoja wa Riley, aende kana kwamba naye ni wa maonyesho. Mtu huyo alikuwa Albert Koebele, mzaliwa wa Ujerumani. Alipanda meli San Francisco mnamo Agosti 1888.

Koebele alikuwa ametumwa hasa kumtafuta nzi mdogo ambaye habari zake zilikuwa zimetoka Adelaide. Nzi huyo alimpata. Lakini katikati ya mwezi wa Oktoba, ndani ya bustani moja ya Adelaide, aliona kitu kingine: mdudu kibibi mdogo, mwekundu na mweusi, akimtafuna mdudu gamba. Alimkusanya yeye na watoto wake, akawafungasha pamoja na chakula chao, akawapeleka melini mahali penye baridi ili wasiishe nguvu njiani.

Kifurushi cha kwanza kilifika California mwishoni mwa Novemba kikiwa na wadudu kibibi 28 walio hai. Cha pili kilikuwa na 44, na cha tatu, mwezi wa Januari 1889, kilikuwa na 57. Jumla ni 129. Naam, wadudu 129, ambao wangetosha ndani ya kopo moja, wakakabidhiwa vita vya jimbo zima! Waliwekwa juu ya mchungwa uliofunikwa kwa hema la kitambaa, katika shamba la J. W. Wolfskill jijini Los Angeles. Kabla ya katikati ya Aprili walikuwa wameusafisha mti ule wote. Hema likafunguliwa upande mmoja, wakatoka wakaelekea miti ya jirani. Wakulima walikuja na visanduku kuomba mbegu. Kufikia Juni mwaka huo wadudu zaidi ya 10,000 walikuwa wamegawiwa wakulima zaidi ya 200. Mwaka ulipokwisha, balaa lilikuwa limevunjika mgongo. Inaelezwa kwamba machungwa yaliyosafirishwa kutoka wilaya ya Los Angeles yaliongezeka kutoka mabehewa 700 hadi 2,000 kwa mwaka mmoja. Hakuna ndege aliyekufa kwa kula kiwavi chenye sumu, hakuna nyuki aliyeanguka uani, wala mtoto aliyeugua kwa kula chungwa.

Ilikuwaje ushindi uwe mkubwa hivyo? Siri ni kwamba mdudu kibibi huyu hali ovyo. Chakula chake ni mdudu gamba yule na jamaa zake wa karibu. Jike hutaga mayai yake juu ya kile kifuko cheupe, na watoto wanapoanguliwa wanaingia ndani wakala mayai ya adui. Adui akipungua, naye hupungua. Si kila mgeni huwa mwema hivyo, lakini. Mwaka 1935 Waaustralia wenyewe walileta chura wakubwa kutoka Hawaii ili wale mende wa miwa. Chura wale hawakuwamaliza mende. Walikula wanyama wengine wadogo, na sumu ya miili yao ikaua waliojaribu kuwala wao, na hadi leo ni janga huko. Mwenye kuleta mgeni lazima kwanza ajue anakula nini, kama Riley alivyokuwa akiuliza tangu Missouri.

Baada ya ushindi, ugomvi wa sifa ulianza. Wakulima wa California walimpa Koebele saa ya dhahabu na mkewe wakampa vipuli vya almasi. Wapo waliotaka ionekane kwamba kazi yote ilikuwa ya jimbo lao. Riley, aliyebuni mpango na kuupigania, aliumia moyoni. Mimi naona wote wawili walistahili: mmoja alijua mahali pa kutafuta, na mwingine alikuwa na macho ya kuona. Mkono mmoja haulei mwana.

Riley aliacha kazi ya serikali mwaka 1894. Mkusanyiko wake wa wadudu zaidi ya 100,000 alikuwa ameutoa zawadi kwa makumbusho ya taifa huko Washington, na ukawa msingi wa hazina kubwa iliyopo hadi leo. Asubuhi ya tarehe 14 Septemba 1895 alikuwa akiteremka mlima kwa baiskeli jijini humo, pamoja na mwanawe. Gurudumu lilikipiga kipande cha jiwe kilichokuwa kimeachwa barabarani. Alianguka vibaya, akafariki siku hiyo hiyo. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka 52.

Wadudu wake hawakufa naye. Wamepelekwa nchi nyingi, zikiwemo Misri, Ureno na Afrika Kusini. Lakini binadamu ni msahaulifu. Katika miaka ya 1940 dawa mpya ya DDT ilipoingia, baadhi ya wakulima wa California waliinyunyiza kwenye michungwa yao. Wadudu kibibi walikufa, na ile pamba nyeupe ikarudi juu ya miti kama zamani. Iliwabidi waache dawa hiyo na kuwatafuta tena askari wao. Mwanamke Mmarekani aitwaye Rachel Carson alikitaja kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichowaonya walimwengu juu ya sumu za mashambani. Niliposoma hapo nilifunika uso. Kosa langu la nyuma ya jiko lilikuwa limeshafanywa na watu wazima, wenye mashamba makubwa na fedha nyingi, miaka mingi kabla sijazaliwa!

Hata hapa kwetu Kenya njia ya Riley imetembewa. Tangu miaka ya 1920 mibuni ya nyanda za juu iliteswa na wadudu weupe wanaofanana na waliopakwa unga. Mwaka 1938 nyigu wadogo waliletwa kutoka Uganda, wakawatiisha wadudu wale. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa California.

Mnataka kujua yaliyoupata mchungwa wa nyanya? Nilikata matawi yaliyozidiwa kabisa. Nilifunga kitambaa kwenye shina nikakipaka grisi ili sisimizi wasipande, maana wao hula ule utamu wa wadudu gamba na kuwafukuza maadui wao. Pampu niliirudisha kwa mwenyewe. Kisha nilikwenda kwenye mlimau wa jirani nikawabeba wadudu kibibi kumi na mmoja ndani ya chupa, huku watoto wakinifuata nyuma wakiuliza kama nimepata wazimu. Nilichukua pia watoto wa wadudu hao, ambao hawafanani hata kidogo na wazazi wao na ndio huuawa kwanza na wasiojua. Mti haujapona wote. Ila tawi la upande wa jiko limetoa maua, na nyuki wamerudi.

Nyanya haijui Los Angeles wala hajapata kusikia jina la Riley. Nilipomsimulia alitikisa kichwa tu, akaniambia niwe nauangalia mti vizuri kabla ya kuugusa. Nawe msomaji, ukimkuta mdudu juu ya mpera au mwembe wenu, usikimbilie pampu. Mtazame kwanza. Huenda yuko kazini.